Kalamu ya Msomi na Kauli ya Wafanyakazi



Katika sherehe hii ya miaka kumi ya Chama Kikuu chetu, tumeombwa kunena juu ya kazi ya wasomi katika harakati za wafanyakazi wanaotaka kugeuza mambo ya nchi yao. Jambo hili latuhusu, kwa kuwa sisi nasi tuna makatibu, makarani na wahasibu, na mara kwa mara twajiuliza: nani amtumikie nani? Twachukua mfano wa Polandi.

Mwaka 1968 wanafunzi na wasomi wa nchi ile walidai uhuru wa kusema. Wafanyakazi kwa wingi hawakuungana nao. Desemba 1970 wafanyakazi wa miji ya pwani walipinga kupandishwa bei ya vyakula, wakapigwa risasi. Wasomi wengi wakanyamaza. Kila kundi lilipigwa likiwa peke yake.

Juni 1976 wafanyakazi wa Radom na Ursus waligoma. Wengi walifukuzwa kazi, na wengine wakafungwa. Ndipo, mwezi wa Septemba, wasomi wachache wakaunda Kamati ya Kuwatetea Wafanyakazi. Walitafuta mawakili, wakakusanya fedha na kuzisaidia jamaa za walioonewa. Hapo ndipo imani ilipojengwa.

Agosti 1980 kiwanda cha kuunda meli cha Gdańsk kiligoma. Tadeusz Mazowiecki na Bronisław Geremek walifika na barua ya wasomi, wakaombwa wabaki wawe washauri. Kati ya madai 21, la kwanza lilikuwa vyama huru vya wafanyakazi. Baadhi ya washauri walidhani serikali haitalikubali kamwe. Wafanyakazi hawakurudi nyuma. Basi washauri wakaitumia elimu yao kutafuta maneno ya mapatano, yakatiwa sahihi tarehe 31 Agosti. Mazungumzo makuu yalitangazwa kwa vipaza sauti, wagomaji wakayasikia.

Ndugu zetu, mwenye elimu ana haki ya kuonya na wajibu wa kueleza. Kuamua ni kwa wanachama. Lakini mwanachama asiyehudhuria mkutano wala kuuliza hesabu huiacha kauli yake mezani kwa karani. Basi tuwasomeshe watoto wetu, tuwaajiri, tuwalipe ujira wa haki. Nao watusomee hesabu zetu hadharani, kwa lugha tunayoifahamu.