Gari la Kambi Likikwama: Nani Atakuja, na Mkataba Wake Unaishia Wapi?

Hotuba iliyotolewa Mutukula kwa wenye magari ya kambi, madereva wa watalii, mafundi na wakazi wa mpakani



Tumewaita kwa jambo ambalo wengine watashangaa kulisikia kinywani mwa polisi, yaani namna ya kuchagua mkataba wa msaada wa barabarani kwa magari ya kambi. Kwa jina hilo tunakusudia gari lenye hema juu ya paa, vani iliyogeuzwa chumba cha kulala, trela ya kulala inayovutwa, na yale malori makubwa ya watalii yenye jiko ubavuni. Zamani yalikuwa ya wageni peke yao. Siku hizi vijana wetu huyakodisha, na familia za Masaka na Kampala huyapanda likizoni zikielekea Bukoba na mbele zaidi.

Sisi hatuuzi bima, wala hatutataja kampuni ya kuwapendekezea. Tunazungumza kwa sababu mkataba mbaya ukivunjika usiku, simu hupigwa kituoni kwetu.

Tuwaeleze kisa kimoja. Familia moja ilikuwa ikirejea kutoka likizo, gari lao likazimika baada ya saa tatu usiku, mahali ambapo barabara inapita katikati ya mafunjo na haina bega la kuegesha. Mwenye gari alikuwa na mkataba, na ameulipia. Alipiga simu, ikapokelewa upesi na kwa adabu. Swali la kwanza aliloulizwa ni yuko upande gani wa mpaka. Aliponena kwamba ameshavuka, aliarifiwa kwamba mkataba wake umekoma getini. Kilomita chache tu nyuma yake winchi ingekuja bila malipo, lakini pale alipokuwa hakuna aliyekuja. Watoto walikuwa wamelala ndani ya hema juu ya paa, na taa za gari zilikuwa zinafifia pamoja na betri.

Kilichotutia hofu hasa ni wale waliokuwa wakija nyuma. Tulipofika, kijana wa boda boda aliyepakia abiria wawili alikuwa amelikwepa gari lile kwa upana wa kiganja, na bado alikuwa anatetemeka. Mwenye gari alikuwa amekata matawi na kuyatandaza barabarani kama ilivyo desturi yetu, kwa kuwa hakuwa na pembetatu za kuakisi mwanga. Asubuhi gari liliondolewa, matawi yakaachwa. Jioni yake mwendesha baiskeli alianguka juu ya matawi hayo akavunjika mkono. Mtu huyo hakuwa na gari, hakuwa na mkataba, wala hakuwa safarini. Alikuwa anarudi nyumbani kutoka shambani. Mkataba wa msaada unamhusu hata yeye.

Basi swali la kwanza kumuuliza anayekuuzia ni hili: huduma yako inafika nchi zipi, na imeandikwa wapi? Neno la mdomo la wakala halitoshi. Kauli kwamba wanahudumia Afrika Mashariki yote haina uzito mpaka nchi zitajwe moja moja katika karatasi. Kisha uliza winchi itatoka mji gani. Winchi inayotoka Kampala kumfuata mtu aliyekwama Kyaka, ng'ambo ya Mto Kagera, nayo ni gari linalovuka mpaka. Inahitaji bima na vibali vyake, na dereva wake anahitaji hati ya kusafiria. Tangu kituo chetu cha pamoja cha mpaka kifunguliwe rasmi mwezi Novemba 2017, ukaguzi umekuwa mwepesi kuliko zamani, lakini wepesi huo haumsaidii aliyekuja bila karatasi. Mkataba mzuri ni ule wenye mshirika kila upande: fundi wa Bukoba au Kyaka kwa upande wa Tanzania, fundi wa Masaka au Kyotera kwa upande wa Uganda.

Wengi hututolea Kadi ya Njano ya COMESA wakiamini kwamba wamemaliza kila kitu. Kadi hiyo, iliyoanza kutumika mwaka 1987, ina manufaa makubwa, na Tanzania imo katika mpango wake ingawa ilijitoa COMESA mwaka 2000. Lakini kazi yake ni kufidia madhara utakayomsababishia mtu mwingine, pamoja na matibabu ya waliomo ndani ya gari likipata ajali. Injini yako ikifa, Kadi ya Njano haikuletei hata spana.

Sasa tuje kwenye gari lenyewe, maana hapa ndipo watu wengi hudanganyika. Mikataba mingi iliandikwa kwa kufikiria gari dogo la nyumbani. Tafuta kifungu cha uzito. Kikomo cha tani 3.5 ni cha kawaida sana, hasa katika mikataba inayotoka Ulaya. Ukichukua gari la magurudumu manne yenye nguvu, ukalitia hema, tangi la maji, friji, matairi mawili ya akiba, madumu ya mafuta na watu watano, kikomo hicho hakiko mbali, na lori la watalii limeshakipita kabla ya kupakia kitu. Lipeleke gari kwenye mizani likiwa limepakiwa kama litakavyosafiri, uandike uzito huo. Pima na urefu wake kwenda juu pamoja na hema, kwa sababu gari likipandishwa juu ya winchi ya kitanda, urefu huo unaongezeka. Kama unavuta trela, uliza kama trela nayo inabebwa. Tumewahi kuona gari likichukuliwa na trela ikiachwa kando ya barabara, mwenyewe ameketi juu yake akiilinda mpaka kulipopambazuka.

Uliza pia namna ya kuvuta. Gari ambalo magurudumu yote manne hupokea nguvu wakati wote halipaswi kuvutwa mawili yakiwa juu na mawili yakiburuzika chini, kwani gia zake zinaweza kuharibika njiani. Linahitaji kubebwa zima juu ya kitanda. Ikiwa mtoa huduma ana winchi ya kunyanyua tu, mkataba wake haukufai hata ukiwa wa bei nafuu.

Kuna neno jingine lenye mtego, nalo ni kukwama. Kwa mwananchi, kukwama ni kukwama. Katika mkataba, gari lililoharibika na gari lililozama kwenye tope ni vitu viwili. La kwanza huhudumiwa. La pili mara nyingi limeondolewa kwa kifungu kidogo kinachosema huduma ni kwa barabara za umma zilizotengenezwa. Wenye magari ya kambi hawayanunui ili yakae kwenye lami. Huyapeleka hifadhini, ziwani na kwenye njia za murramu, na mvua za Machi hadi Mei zinajulikana kwetu sote. Kwa gari la kambi, mkataba usiotoa gari topeni ni nusu mkataba. Kama hupati wenye kifungu hicho, basi chukua kamba imara, koleo na mbao za kutia chini ya tairi, na usiingie njia ya tope ukiwa peke yako.

Kuhusu umbali, usitosheke na idadi ya kilomita unayoambiwa. Uliza zinahesabiwa kuanzia wapi, kama ni kutoka gereji ya mtoa huduma au kutoka gari lilipozimikia, na kama ni kwenda tu au kwenda na kurudi. Mtakumbuka Mei 2023, mafuriko yalipokata barabara kwenye daraja la Katonga. Magari yaliyokuwa yakienda Masaka kutoka Kampala yalielekezwa kupitia Mpigi, Kanoni, Sembabule na Villa Maria. Mwenye mkataba wa kilomita zilizotosha kabisa kwa njia kuu alijikuta akidaiwa za ziada, wala hakuwa amekosea lolote.

Malipo nayo yana namna mbili. Mtoa huduma mmoja hutuma winchi na kuilipa yeye mwenyewe. Mwingine hukuambia ujitafutie, ulipe, kisha ulete risiti. Huyu wa pili si mwizi, ila ni lazima umjue mapema, ili usafiri na fedha za kutosha na udai risiti yenye muhuri. Wazee wamesema msafiri maskini ajapokuwa sultani, na usultani wenyewe huisha mapema zaidi pale salio la simu linapokuwa sifuri. Mambo mengine ni mepesi: unaweza kuita msaada mara ngapi kwa mwaka, mkataba unaanza siku ile ile au baada ya siku kadhaa, unamfuata mtu au unafuata namba ya gari. Anayekodisha gari kwa wageni hilo la mwisho alitazame vizuri, maana mkataba wa mtu hauendi na mgeni.

Tena msichanganye msaada wa gari na msaada wa mwili. Winchi hubeba chuma. Kama unakwenda mbali na hospitali, tafuta na mpango wa kubebwa majeruhi, kama ule wa ndege wa AMREF Flying Doctors ulio Nairobi. Huo hununuliwa peke yake.

Gari lenye namba za kigeni likiharibika, kibali chake cha muda hakisimami kwa sababu injini imesimama. Siku zinaendelea kuhesabiwa. Nendeni kwa maafisa wa forodha kabla kibali hakijaisha, mkiwa na maelezo ya fundi kwa maandishi. Wala msiliachie gari livutwe kuvuka mpaka bila mtu aliyelisajilia kibali kuwepo pamoja na karatasi zake.

Ikitokea umekwama, waondoe watu ndani ya gari kwanza, hata waliolala kwenye hema, na wakae mbali na lami. Weka pembetatu moja nyuma, hatua zisizopungua 50, na nyingine mbele. Ukitumia matawi, yaondoe mwenyewe kabla hujaondoka. Kwa wanaovuka Katuna au Rusumo kuingia Rwanda, kumbukeni kwamba huko huendeshwa kulia. Vani ambayo mlango wake wa kuteleza uko kushoto, na ambayo hapa kwetu hushusha watu salama majanini, kule itawashusha katikati ya magari. Ukipiga 999 au 112, taja nchi uliyomo kabla ya jina lako, kwa sababu mpakani simu hushika mtandao wa ng'ambo bila kukuaga.

Mwisho tunasema na mafundi na vijana wetu, na tunasema kwa upendo. Mwaka huu tumeamua ugomvi zaidi ya mmoja kati ya msafiri aliyekwama na watu waliomsukumia gari kisha wakamtajia bei akiwa hana pa kwenda. Bei itajwe kabla ya mkono kugusa gari. Na ninyi wasafiri, fundi akiacha usingizi wake akaja, msimlipe kwa ahadi kwamba kampuni itatuma. Watoa huduma wanatafuta washirika huku mpakani, na fundi mwenye kitabu cha risiti na jina safi ndiye watakayemwandika. Wanaotaka majina yao yaingizwe katika orodha ya mafundi inayowekwa kituoni, wafike wakiwa na kitambulisho na barua ya mwenyekiti wa LC I.

Baada ya maswali tutahamia kwenye meza ile chini ya mwembe. Waliokuja na mikataba yao, kama tulivyoomba, waje nayo tuisome pamoja, kuanzia na maandishi madogo ya ukurasa wa nyuma.