Shukrani ya Mhudumu Aliyechoka

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wahudumu wa wagonjwa majumbani, siku yao ya sala na mapumziko, chini ya mibuyu ya Mama Ngina, Mombasa)



Twajua wengine mmevuka feri alfajiri kutoka Likoni, wengine mmetoka Mji wa Kale na Majengo kwa miguu, na wengine mmemwacha mgonjwa kwa jirani ndipo mkaweza kuja. Baba Paroko ametuomba tuzungumze juu ya shukrani. Juzi tulipoitaja mada hii, mama mmoja alicheka, akauliza, "Tushukuru nini sasa, na kodi ya nyumba haijalipwa?" Swali lake ni zuri, basi tuanze nalo.

Iko shukrani ya uongo. Ni ile ya kumwambia maskini anyamaze, ati wako walio chini yake. Sisi wa huduma za jamii hiyo hatuitaki, na hatudhani Mungu anaitaka. Mgonjwa akikosa dawa, tutaenda kuidai. Mfereji ukikauka mwezi mzima, tutaandika barua, tena tutaipeleka wenyewe. Kushukuru si kunyamaza. Lakini katika kazi hii tumeona jambo moja: mhudumu asiyeona jema lolote hadumu. Kwanza huanza kumfokea mgonjwa. Kisha haji mkutanoni. Kisha twasikia ameacha, na yule mgonjwa amebaki peke yake ukutani. Hatumlaumu, maana tangu Jumatatu hadi Jumapili macho yake yameona vidonda na vilio tu. Ndiyo sababu leo tumewaleta hapa, si ukumbini.

Hebu tazameni mbele. Huo ndio mlango wa kuingilia Kilindini, na jina lenyewe latokana na kilindi, yaani maji ya kina kirefu. Meli zapita hapo karibu sana, na mizigo ya Kenya, Uganda, Rwanda, Sudan Kusini na Kongo, nanyi mmeketi kwenye nyasi mwazitazama bure. Maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na wakati wa bamvua tofauti yake hupita mita 3. Mvuvi wa Mji wa Kale hahitaji kuelezwa hayo. Hupanga safari yake kwa mwezi na kwa maji, na kusi ikimpisha kaskazi, yeye naye hubadili mipango.

Na mbuyu huu ulio juu yetu je? Wakati wa kiangazi hupukutisha majani, mgeni akadhani umekufa, kumbe shina limeweka maji. Maua yake hufunguka jioni, popo huja usiku kunywa utamu wake, na baada ya muda mfupi ua huanguka. Mtu anayepita hapa mchana tu, mbio mbio kuwahi feri, hataliona likifunguka. Mabuyu atayaona, maana yanauzwa kila mahali, yale mekundu yanayowapaka watoto midomo. (Na sisi wakubwa pia, tusijifanye.)

Wako waliojua thamani ya mahali hapa kwa njia ngumu. Oktoba 2019 bustani hii ilifunguliwa upya baada ya ujenzi, na sherehe za Mashujaa za taifa zikafanyika papa hapa. Haukupita mwaka. Aprili 2020 safari za kuingia na kutoka Mombasa zilisimamishwa kwa sababu ya korona, na Mei Mji wa Kale ukafungwa, wa ndani asitoke na wa nje asiingie. Mlipozungumza nasi baadaye, wengi wenu hamkuanza na pesa, ingawa pesa zilikuwa zimekwisha kweli. Mlianza na upepo wa jioni, na kahawa ya barazani, na kumwona jirani uso wake mzima. Vitu ambavyo mwezi mmoja kabla yake hakuna aliyevihesabu.

Twaweza kujifunza kwa jirani zetu Waislamu. Ingia nyumba ya Mji wa Kale, umkute bibi aliyelala kitandani mwaka wa pili sasa. Mpe shikamoo yake, muulize hali. Kabla ya kukwambia mguu wauma, atasema Alhamdulillahi. Kisha ndipo utausikia mguu, na usingizi, na mkwe. Angalieni mpangilio wake: shukrani imetangulia, lakini shida haikufichwa. Mtakatifu Ignasi wa Loyola naye alipofundisha kuichunguza siku iliyopita, aliweka kumshukuru Mungu kwanza, makosa baadaye. Na wale wakoma kumi wa Injili ya Luka, wote walipona, ila aliyerudi kushukuru alikuwa mmoja, tena Msamaria, mgeni. Sisi Wakatoliki hatuna udhuru hapa: neno Ekaristi ni la Kigiriki, na maana yake ni shukrani.

Basi tufanyeje? Kila mmoja wenu ana daftari la ziara. Humo mwaandika homa, vidonda, dawa zilizobaki. Kuanzia wiki hii, chini ya kila ziara ongezeni mstari mmoja, jambo moja jema mliloliona katika nyumba hiyo. Msiandike "Mungu ni mwema", hilo twalijua. Andikeni kilichoonekana kwa macho: amekunywa uji nusu kikombe, mjukuu amemchana nywele, tumesogeza kitanda, sasa aiona minazi. Wako wataalamu wawili wa Marekani, Emmons na McCullough, waliochapisha utafiti wao mwaka 2003. Waliwaomba watu waandike kila wiki mambo ya kushukuru, na wengine waandike yaliyowaudhi. Wale wa shukrani waliyaona maisha yao kuwa bora zaidi. Ni jambo la kupimwa, basi nasi tulipime.

Na siku ambayo hukuona kitu, andika "hakuna". Usimdanganye Mungu, wala usilidanganye daftari. Ila "hakuna" zikifuatana mara tatu, njoo ofisini usione haya. Hatutakuhubiria. Tutampa mwenzako mgonjwa wako kwa wiki mbili, ulale. Hilo tumekubaliana na Baba Paroko, na jina lako halitatajwa mkutanoni.

Sasa maji yameanza kujaa. Tuna nusu saa ya kimya. Tawanyikeni, kila mtu akae peke yake, atazame kitu kimoja tu: kunguru, meli, mtoto wa watu, chochote. Wenye magoti mabaya wabaki hapa kwenye viti. Tukirudi kila mmoja atatuambia alichotazama, bila hotuba. Mihogo ya kukaanga na madafu vimeshaagizwa, pilipili na ndimu vipo. Na simu zizimwe, tafadhali, hata ya Baba Paroko.