Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone



Sisi tunaoishi kati ya Mto Songwe na mwambao wa Ziwa Nyasa tunaijua safari. Kabla ya Uhuru wa 1961, wazee wetu wengi waliacha mashamba ya mpunga wakaenda kuchimba dhahabu huko Lupa, wengine shaba katika Rhodesia ya Kaskazini, yaani Zambia ya leo, na wengine wakafika hadi migodi ya Johannesburg. Ugenini walisali pamoja, wakauguzana na kuzikana. Hawakuwa mzigo kwa wenyeji wao, kwani jasho lao lilijenga miji ya watu.

Jambo hilo linaendelea mbele ya macho yetu. Wakimbizi wa Kongo walioishi miaka mingi katika kambi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma, wamepokewa kwa maelfu nchini Marekani. Katika baadhi ya parokia za huko Misa huadhimishwa kwa Kiswahili, ngoma husikika, na watoto hubatizwa. Nchini Omani, karibu Wakatoliki wote ni watu waliotoka nje: Wahindi, Wafilipino na Waafrika wenzetu. Kwa kuwa Ijumaa ndiyo siku ya mapumziko huko, waamini wa kanisa la Watakatifu Petro na Paulo, Ruwi, mjini Muscat, hukusanyika siku hiyo kwa Misa ya Dominika. Bila wahamiaji, kanisa hilo lingebaki kuta tupu. Ndiyo maana wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone.

Lakini, ndugu zangu, tusifurahie kwaya tukasahau haki. Binti aliyekwenda Uarabuni kufanya kazi za ndani, akanyang'anywa pasi yake na kunyimwa siku ya mapumziko, hawezi kufika katika kanisa hilo. Uhai anaouleta umefungiwa jikoni. Parokia inayompenda mhamiaji anapoimba, lakini isiyomwuliza habari za mshahara wake, imepokea sauti na kumwacha mtu mlangoni.

Tujihoji nasi. Mpaka wa Kasumulu hutuletea wachuuzi, madereva na vibarua. Michango yao tunaipokea, uchaguzi wa viongozi ukifika, tunanong'ona: "Huyu ni wa kuja." Tena, mwezi Juni 2012, Waethiopia zaidi ya 40 waliokuwa wakisafirishwa kwa siri walikufa maji katika ziwa hili letu, upande wa Karonga. Walikuwa wakitafuta riziki kusini, kama wazee wetu. Injili haituagizi kumwuliza mwenye njaa dini yake kabla ya kumpa chakula.

Kwa hiyo tunawaomba mambo matatu. Kwanza, kila jumuiya imtembelee mgeni anayehamia mtaani, imwandikishe, na kumpa kazi katika Kanisa, si benchi la nyuma tu. Pili, kijana anayesafiri asiondoke bila cheti chake cha ubatizo na barua ya paroko. Mkataba wake usomwe na mtu anayeelewa kabla hajatia sahihi, na nakala ya pasi yake ibaki nyumbani. Tatu, mtu yeyote asikodishe mtumbwi wala nyumba yake kwa wanaofanya biashara ya binadamu, hata wakimlipa vizuri namna gani.

Mwaka 1952 Papa Pius XII, katika waraka Exsul Familia, aliiweka Familia Takatifu iliyokimbilia Misri kuwa kielelezo cha kila familia ya wakimbizi. Wamisri waliomhifadhi Mtoto yule hawakujua wamempokea nani. Nasi hatujui ni nani atakayebisha hodi kesho.