Lori Linalozimika na Kuwaka Tena Halijapona

Maneno ya Ofisi ya Uhusiano ya Polisi kwa madereva, utingo, wenye magari, mafundi na wakazi wa Mutukula

Mmezoea kutuona tukija kuzungumzia wizi, magendo na vibali vya kusafiria. Leo tumekuja kuzungumzia tangi la dizeli na mipira yake, na bila shaka wapo wanaojiuliza tangu lini polisi wakawa mafundi. Hatujawa mafundi. Lakini sisi ndio tunaoitwa usiku, lori likiwa limesimama barabarani kati ya hapa na Kyotera bila taa hata moja, na dereva hutuambia maneno yale yale: "Afande, lilikuwa linazimika tangu asubuhi, ila kila nikingoja kidogo lilikuwa linawaka."

Hilo neno "linawaka" ndilo lililotuleta. Lori lililokufa kabisa gerejini halimdhuru mtu. Lenye hatari ni lile linalozimika, likapumzishwa robo saa, likawaka, dereva akamshukuru Mungu na kuendelea na safari. Halijapona. Limeahirisha kuzimika hadi mahali pengine, na mahali hapo si dereva atakayepachagua.

Malori tunayoyasema mnayajua vizuri. Ni Fuso na Isuzu za zamani, zinazobeba maharage, mahindi na ndizi kutoka Kagera kwenda Masaka na Kampala, na kurudi na bidhaa za dukani. Mengi yana pampu ya nozeli ya kimakanika isiyojua kompyuta. Wengine huyadharau kwa sababu hiyo. Sisi twaona ni heri, kwa kuwa ugonjwa wake waweza kutafutwa kwa macho, kwa masikio na kwa spana mbili tatu. Kinachokosekana mara nyingi ni utaratibu wa kuutafuta.

Kabla ya kushika spana, dereva akumbuke lori lilizimika vipi. Injini iliyokatiwa mafuta kwa sababu ya waya uliolegea kwenye solenoidi ya kuzimia hufa mara moja, kana kwamba mtu amezungusha ufunguo. Injini inayonyimwa mafuta haifi hivyo. Hufifia: huanza kumisi, hupoteza nguvu mlimani, dereva hukanyaga mafuta hadi sakafuni na lori halijibu, mlio hupanda na kushuka, kisha kimya. Atazame na moshi. Lori linalokosa nguvu huku likitoa moshi mweusi kwa kawaida linalilia hewa; chujio la hewa ndilo la kufunguliwa kwanza. Linalokosa nguvu bila moshi mweusi ndilo lenye njaa ya dizeli. Likikataa kuwaka kabisa, utingo asimame mahali salama anapoliona bomba la moshi wakati starta inapigwa. Pakitoka moshi mweupe, mafuta yanafika kwenye silinda. Pasipotoka moshi wowote, hayafiki.

Kisha akumbuke lilizimika lini na wapi. Tungependa kila dereva wa lori la zamani aandike, hata nyuma ya kitabu cha risiti: saa, mlima au tambarare, tangi lilikuwa na kiasi gani, lilingoja muda gani kabla ya kuwaka. Mistari minne ya namna hiyo humsaidia fundi kuliko siku nzima ya kubahatisha. Wapo wenye magari walionunua pampu ya nozeli iliyotumika kwa fedha za mavuno mazima, kumbe iliyokuwa ikisumbua ni washa ya shaba yenye thamani ndogo kuliko soda.

Tuchukue mifano. Lori huenda vizuri nusu saa, hufifia, husimama. Likikaa kidogo huwaka kama halikuwa na lolote. Hapo fungueni kifuniko cha tangi polepole na mtege sikio. Mkisikia hewa ikivutwa kwa nguvu kuingia ndani, tundu la kupumulia la tangi limeziba. Mafuta yakitoka lazima hewa iingie kuchukua nafasi yake. Isipoingia, tangi hubana pumzi hadi pampu ishindwe kuvuta. Tundu hilo huwa kwenye kifuniko chenyewe au karibu nacho, na vumbi la barabara zetu hulijaza upesi. Na tuseme wazi: mkipoteza kifuniko, nailoni iliyofungwa kwa mpira si kifuniko. Huziba hewa, na ikichanika huingiza maji ya mvua.

Kama hewa haikuvutwa, wazieni takataka ndani ya tangi. Kipande cha kitambaa au cha nailoni huelea, huvutwa hadi mdomo wa bomba la kunyonyea, na kuuziba. Injini ikizimika, mvuto huisha, kitambaa hujiondokea, na lori huwaka tena. Ndiyo maana ugonjwa huu huwachanganya watu: ukifika gerejini haupo. Na kitambaa kiliingiaje? Mara nyingine ni fundi aliyefuta tangi na kukisahau. Mara nyingine ni mwizi wa dizeli aliyechomeka mpira usiku na kuzibia kwa tambara. Wanakijiji wenzetu, aliyenunua dumu la mwizi huyo kwa bei ya chini amenunua pia lori litakalozimika mbele ya nyumba yake.

Mfano mwingine: tangi likijaa, lori ni zima kabisa, likifika nusu, huanza kukohoa kwenye miinuko. Hapo mtu hodari hutoa bomba la kunyonyea lililo ndani ya tangi na kulichunguza lote. Likiwa na ufa katikati, mafuta yakiwa juu ya ufa hakuna shida. Yakishuka chini yake, bomba hunyonya hewa badala ya dizeli. Chujio jipya halitaponya ufa huo.

Na hapa pana jambo linalowakosesha hata mafundi wenye miaka mingi. Watu hutafuta mahali panapovuja kwa kutazama panapodondoka. Upande wa kutoka tangini hadi pampu ya kuvuta hausukumi mafuta, huyanyonya. Kwa hiyo mpira wenye ufa, klipu iliyolegea au washa iliyochoka upande huo huweza kubaki pakavu kabisa injini ikinguruma. Hauvujishi nje, unavuta hewa ndani. Lori likilala limeelekeza pua mlimani, hewa hiyo huyaacha mafuta yarudi tangini, na asubuhi dereva hupiga starta mpaka betri inachoka. Dawa ya kuuona ugonjwa huu ni rahisi: fundi aweke kwa muda kipande cha mpira mweupe unaopenya mwanga kabla ya pampu ya kuvuta, awashe injini na kutazama. Mapovu yakipita mfululizo, kuna mahali panapovuta hewa. Asogeze mpira huo kiungo kwa kiungo kuelekea tangini; mapovu yanapoisha, amekipita kiungo kibovu. Asiisahau pampu ya mkono. Kichwa chake kisipofungwa sawasawa baada ya kutoa hewa, au mpira wake wa ndani ukiisha, nayo hunyonya hewa.

Njia nyingine ni kuligawa tatizo mara mbili. Lori likiwa limesimama uwanjani, injini ivute dizeli safi kutoka kwenye dumu lililofungwa imara mbali na bomba la moshi, na mpira wa kurudishia uingizwe humo humo, la sivyo dumu litakauka upesi. Injini iachwe inguruma kwa kasi kwa muda uleule ambao huwa inazimika. Ikitulia, ugonjwa uko tangini au kwenye mabomba yake. Ikififia tena, uko mbele: chujio, pampu ya kuvuta, au pampu ya nozeli. Jaribio hili ni la gerejini. Tumewahi kukuta dumu limening'inizwa nyuma ya kiti cha dereva na lori likiwa safarini; hilo hatutalinyamazia.

Chujio lenyewe halihitaji maneno mengi. Libadilishwe kwa wakati, na maji yaliyotuama chini yake yatolewe, hasa miezi ya mvua na hasa kama lori hulala na tangi nusu, maana unyevu wa usiku hugeuka maji humo ndani. Pampu ya nozeli iwe ya mwisho kushukiwa. Huchoka kweli, na dalili moja ni lori linalowaka vizuri likiwa baridi na kukataa likiwa moto. Lakini ni ghali, na haifai kufunguliwa na mtu asiye na mashine ya kuipimia.

Tunalo neno kuhusu kinachoichosha. Dizeli hulainisha pampu inapopita, na mafuta ya taa hayalainishi vya kutosha. Anayechanganya hivi viwili ili kupata faida huila pampu ya mwenzake taratibu. Kwa sababu ya udanganyifu huo, Kenya mwaka 2018 iliweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa. Tanzania ilianza kuyatia mafuta alama maalumu mwaka 2010, na hapa Uganda shirika la viwango, UNBS, hupima alama kama hiyo kwenye vituo. Dumu la kando ya barabara halina anayelipima.

Sasa turudi barabarani, kwenye kazi yetu. Injini ikizimika mlimani, si mwendo tu unaopotea. Usukani huwa mzito. Breki za upepo hutegemea kompresa inayozungushwa na injini hiyo. Kila mkikanyaga na kuachia, upepo uliobaki hupungua. Msipige breki mara kwa mara. Kanyageni mara moja, mshikilie, mtoke kushoto kadiri inavyowezekana, mvute breki ya mkono, na utingo aweke kabari. Dereva naye asiendelee kupiga starta hadi betri iishe, kwa kuwa betri hiyo ndiyo inayowasha taa za tahadhari. Malori mengi tuliyoyakuta gizani hayakuwa yameharibika taa. Yalimaliza umeme kwa starta.

Pembetatu ziwekwe mbali, hatua 50 au zaidi. Lori likiwa limesimama baada ya kona au kilele, pembetatu iwe kabla ya kona hiyo, anakotoka yule asiyewaona. Tawi la mti usiku halionekani. Utingo asilale chini ya lori, hata mvua ikinyesha. Na asivute dizeli kwa mdomo kuirudisha kwenye mpira. Ikiteleza kuingia mapafuni, hospitali haina njia nyepesi ya kuitoa. Pampu ya mkono iliwekwa kwa kazi hiyo.

Kuna jambo dogo linalotuudhi kuliko yote, nalo ni mawe. Lori linazimika, utingo anaokota mawe makubwa, anazuia magurudumu. Lori linawaka, kila mtu anapanda kwa furaha, mawe yanabaki barabarani. Kijana wa bodaboda anayekuja saa mbili baadaye halijui lori hilo wala mizigo yake. Bebeni kabari mbili za mbao zenye kamba. Seremala yeyote atazikata kwa dakika chache. Mkitumia mawe, shukeni myaondoe kabla ya kuondoka.

Kwa wakazi: mkiliona lori limesimama, leteni tochi, msilete madumu. Mtu aliye mbali hawezi kujua kama lililosimama limebeba mahindi au petroli. Sange, ng'ambo ya pili huko Kongo, tarehe 2 Julai 2010, na Morogoro tarehe 10 Agosti 2019, watu walilisogelea lori la mafuta lililoanguka; kila mahali waliokufa walizidi 100. Pigeni simu 999 au 112, semeni mpo wapi na lori limeelekea upande gani.

Na kwa madereva: tunafahamu kwamba wengi wenu hukaa kimya kwa kutuogopa sisi kuliko giza. Kuharibikiwa si kosa. Kosa ni kuliacha lori gizani bila alama. Atakayetupigia simu mapema atakuta askari wetu wanasaidia kuongoza magari, na hatutaanza kwa kumwomba karatasi.

Maneno yametosha. Fundi wetu yuko pale kando ya lori la kijani, na mwenyewe amekubali lifunguliwe mbele yenu: anasema likifika nusu tangi hukohoa. Mpira mweupe uko tayari. Tusogee wote, isipokuwa wanaovuta sigara, ambao tunawaomba wabaki huku.