Bumu, Deni na Chumba cha Kupangisha

Kila mwaka nchini Tanzania hutangazwa majina ya waliopangiwa mikopo ya elimu ya juu. Kinachotutia wasiwasi ni njia inayopita fedha hiyo ikishafika kwa mwanafunzi. Bumu, yaani posho ya chakula na malazi, limepanda kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku, nalo hutoka kwa awamu. Mwenye nyumba jirani na chuo hapokei awamu. Anataka kodi ya miezi sita, yote kwa mkupuo. Bumu la awamu, kodi ya miezi sita: hapo ndipo mwanafunzi anapoanza kukopa kwa wenzake ili alale.

Si ajabu basi kwamba wengi huhitimu wakiamini kuwa anayefaidika ni mwenye nyumba, na kwamba ajira ya kwanza ni ya kujengea vyumba vya kupangisha. Azma hiyo ni njema. Hatari ni kuchimba msingi kabla ya kuhesabu deni.

Deni la Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu huanza kurejeshwa miezi 24 baada ya masomo. Mwajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara, na aliyejiajiri naye anawajibika kulipa kila mwezi. Tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo iliondolewa mwaka 2021, na huo ni unafuu mkubwa. Hata hivyo deni lenyewe halikufutwa. Anayelipwa 900,000 hukatwa 135,000 kila mwezi. Akienda benki, makato hayo yako tayari kwenye hati ya mshahara, na theluthi moja ya mshahara haiguswi. Kinachobaki katikati ndicho cha kukopea. Mdaiwa sugu anajifungia hata mlango huo.

Baada ya deni ni kiwanja. Kilichopimwa chenye hati ni dhamana benki. Cha makaratasi ya mauziano peke yake kinaweza kuzaa kesi. Kisha ujenzi wa chumba kimoja kimoja, kwa akiba. Hesabu ya pango nayo iwe ya kweli: kuna kodi ya zuio, kuna ukarabati, na karibu na vyuo kuna miezi ya likizo ambayo chumba hukaa kitupu.

Hapo ndipo mwenye nyumba mpya anaposhawishika kudai kodi ya miezi sita. Sheria ya kudhibiti pango ya mwaka 1984 ilifutwa mwaka 2005, na tangu hapo mpangaji ameachwa apatane mwenyewe na mwenye nyumba. Kodi ya miezi sita imekuwa sheria isiyopitishwa na bunge lolote. Kodi ya miezi sita inameza fedha ya umma iliyokopeshwa kwa ajili ya masomo. Kodi ya miezi sita inamsumbua mwanafunzi leo, naye kesho anaidai kwa mdogo wake.

Bunge litunge sheria ya pango, sasa. Vyuo vijenge mabweni. Nanyi wahitimu, lipeni deni, kwa kuwa marejesho yenu ndiyo mkopo wa wanaowafuata. Nunueni kiwanja chenye hati. Jengeni kwa uwezo wenu. Na siku mtakapompokea mpangaji wa kwanza, mwandikieni mkataba, mpokee kodi ya mwezi kwa mwezi!