AMANA YA KOMPYUTA YA KAZINI

(Mada iliyotolewa mbele ya vijana na wazazi baada ya swala ya Alasiri, Lodwar)



Sifa njema zote anastahiki Allah (S.W.), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahli zake na maswahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu zangu vijana, nanyi wazazi wetu, naanza na swali. Jua la Lodwar mnalijua. Saa nane mchana uko ofisini, umefunga, koo limekauka, mtungi wa maji uko pembeni na hakuna anayekuona. Mbona hunywi? Utanijibu, "Allah ananiona." Vizuri. Sasa geuka uitazame kompyuta iliyo mezani kwako. Hapo je, hakuoni?

Nasema haya kwa sababu yalinipata mwenyewe. Mwaka 2007 nilikuwa nimeajiriwa katika ofisi moja kule Kakuma, kama kilomita 120 kutoka hapa, mahali penye kambi ya wakimbizi iliyoanzishwa 1992. Wakati huo nyaya za intaneti za baharini zilikuwa hazijafika Mombasa, zilifika 2009. Sisi tulitegemea dishi la setilaiti, na ile intaneti nyembamba kama uzi tuligawana ofisi nzima. Ndiyo maana mabaraza ya mazungumzo ya mtandaoni yalikuwa yamefungwa kwenye kompyuta za kazi. Ukijaribu kuingia, unaambiwa hairuhusiwi.

Mimi nikajiona mjanja. Rafiki alinionyesha tovuti ya proksi. Unaiambia unataka ukurasa fulani, yenyewe inakwenda kuuchukua, halafu inakuletea. Mitambo ya ofisi inaona umetembelea proksi tu, haijui umesoma nini. Basi kila siku nikawa naingia Mashada, baraza la Wakenya lililokuwa na watu wengi. Uchaguzi wa Disemba ulikuwa unakaribia na maneno yamepamba moto. Kijana uko mbali na kwenu, jioni ni vumbi na kimya, baraza lile likawa kama kibaraza cha nyumbani. Upweke ule siusahau, na sitamcheka kijana aliye nao leo.

Mchana mmoja wa Ramadhani ile akaja mama mkimbizi, naye amefunga. Alitaka barua yake itumwe Nairobi kwa barua pepe. Mimi niko katikati ya mjadala, nimefungua kurasa tatu, mtandao unajikokota. Nikamwambia, "Mama, mtandao uko chini, rudi kesho." Akasema, "Haidhuru mwanangu, inshaallah." Akatoka juani. Kesho yake alirudi kwa miguu, maana nauli yake ilikuwa imekwisha jana. Barua ilitumwa kwa dakika mbili.

Siku ile maji sikunywa. Lakini nilisema uongo, nilitumia mali nisiyoruhusiwa, na nilimtesa mfungaji mwenzangu. Na nilikuwa nikisoma nini hasa? Januari 2008, fujo za baada ya uchaguzi zilipowaka, mwanzilishi wa Mashada mwenyewe alilifunga baraza lile kwa sababu ya matusi na chuki za kikabila zilizojaa humo. Hayo ndiyo maneno niliyoyathamini kuliko haki ya yule mama.

Mtu ataniambia, "Ustadhi, mimi nimemaliza kazi, nasoma mawaidha tu." Ndugu yangu, kusoma hakuna ubaya. Lakini katika Suratun Nisaa, aya ya 58, tumeamrishwa kuzifikisha amana kwa wenyewe. Kompyuta, umeme, intaneti na saa za kazi ni amana. Mwenyewe akiruhusu, soma. Akikataza, hata mawaidha hayahalalishi kuvunja kufuli lake. Nani kati yenu angeiba msahafu apate kusoma Qur'ani?

Na kuna hatari nyingine. Yule mwenye proksi anaweza kuona yote unayopitisha kwake, hata neno lako la siri. Humjui ni nani. Ofisi za Kakuma zina mafaili ya watu waliokimbia vita: majina yao, watoto wao, wametoka wapi. Neno la siri likivuja, ni siri ya mkimbizi iliyovuja. Siku hizi Kenya ina sheria ya kulinda taarifa za watu, ya mwaka 2019. Lakini Muislamu alitakiwa kuitunza siri ya mwenzake hata kabla ya sheria hiyo.

Basi tufanyeje?

Kwanza, omba ruhusa. Ikiwa kuna baraza linalokusaidia kazini, mweleze bosi. Huenda akakufungulia saa ya chakula. Pili, soma kwa simu yako, bando lako, wakati wako. Tatu, usiseme "mtandao uko chini" na wewe ndiye umeuangusha. Nanyi wakubwa wa ofisi, waelezeni vijana kwa nini mmefunga. Msiwafungie tu kama watoto. Wazazi, mwanenu akifungua kilichofungwa msimpigie makofi mkasema ana kipaji. Muulizeni kwanza kama alipewa ruhusa.

La mwisho. Haki ya Allah tunamuomba Yeye msamaha. Haki ya mja sharti umrudie mja mwenyewe. Miezi ikapita kabla sijapata ujasiri wa kumtafuta yule mama. Nilipofika kambini, majirani wakaniambia amekwisha kusafirishwa ng'ambo yeye na wanawe. Kila Ramadhani namuombea dua, lakini radhi yake sikuipata. Wewe mwenye deni kama langu, mtafute mwenyewe leo kabla hajasafiri.

Tunamuomba Allah (S.W.) azitakabali funga zetu, atujaalie ikhlasi mbele za watu na faraghani. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.