Vigae Tulivyomimina Wenyewe

Vigae vyekundu mnavyovikanyaga hapa barazani tumevimimina wenyewe, hapa hapa Bustan, kwa kufuata sakafu za bibi zetu. Saruji ya kawaida, mchanga uliochekechwa, rangi ya unga kilo 1 kwa saruji kilo 20, na kalibu zilizopakwa mafuta. Vya kwanza vilipasuka. Jua la Muscat halingoji. Vya pili tulivifunika magunia yaliyorowa maji siku 7.

Sasa neno letu wauguzi. Mtoto wetu mmoja alipiga magoti kwenye saruji mbichi. Hakulia, jioni ngozi ikachubuka. Saruji huunguza kimyakimya. Vaeni glavu, na ikimgusa mtoto mwosheni papo hapo kwa maji mengi.

Vya kijani bado vinatushinda.